Miadi katika Obiti ya Mwezi

Novemba 1961, mhandisi John Houbolt wa kituo cha utafiti cha Langley, Virginia, aliwaruka wakubwa wake akamwandikia barua Robert Seamans, mmoja wa viongozi wa juu kabisa wa NASA. Alijua anavunja utaratibu wa kazi, na ndani ya barua alijifananisha na sauti ya mtu aliaye nyikani. Miezi sita nyuma, tarehe 25 Mei, Rais John F. Kennedy alikuwa amesimama mbele ya Bunge la Marekani na kutaka nchi hiyo, kabla ya muongo kwisha, impeleke mtu Mwezini na kumrudisha salama. Lengo lilikwisha tangazwa, lakini wenye kazi walikuwa hawajakubaliana watafikaje. Houbolt alikuwa na jibu, na waliotaka kulisikia walikuwa wachache. Wamarekani waliliita jibu hilo “lunar orbit rendezvous”, kwa ufupi LOR, na leo, zaidi ya miaka sitini baadaye, Marekani na China, zinazoshindana kupeleka watu huko, zote zinalitegemea. Anayeandika habari hizi kwa Kiswahili hawezi kulikwepa. Napendekeza tuseme miadi katika obiti ya Mwezi, na kila neno kati ya hayo lina sababu yake.

Njia zilizoshindana wakati ule zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kwenda moja kwa moja: roketi kubwa mno, iliyokuwa ikichorwa kwa jina la Nova, irushe chombo kizima kikatue Mwezini, kisha chombo hichohicho kiruke na kurudi Duniani. Ya pili, iliyopendwa na mhandisi wa roketi Wernher von Braun na watu wake kule Huntsville, Alabama, ilikuwa kurusha roketi ndogo kuliko hiyo, vipande vikutane karibu na Dunia, viungwe au vijazwe mafuta, ndipo safari ianze. Ya tatu ndiyo ya Houbolt. Hakuwa wa kwanza kuiwaza. Yuri Kondratyuk, mzaliwa wa Poltava nchini Ukraine, aliifikiria miongo kadhaa kabla yake, roketi zilipokuwa bado mambo ya watu wenye madaftari na subira.

Mtu wa pwani ataielewa njia hii upesi. Jahazi lililosheheni halipandi ufukweni. Hukaa kwenye kina cha kutosha, watu wakashuka kwa mashua, wakafanya shughuli zao, wakarudi jahazini kwa mashua hiyohiyo. Houbolt alitaka chombo kikubwa kibaki kikiuzunguka Mwezi, na kidogo, chepesi, kisichokuwa na kazi nyingine, kiteremke na watu wawili na kuwapandisha tena.

Faida yake ni uzito. Mwezini hakuna hewa ya kushikilia parachuti, kwa hiyo kila kilo inayoteremka hutaka mafuta ya kuipunguzia mwendo. Ikiwa kilo hiyo itarudi, hutaka mafuta mengine ya kuinyanyua, na mafuta hayo ya kunyanyulia nayo yana uzito, yanataka mafuta ya kuyateremshia. Hesabu hupaa. Sasa tazama ngao ya joto ya kuwakinga wasafiri wanapoingia tena katika hewa ya Dunia, maparachuti, chakula cha siku tatu za kurudi na mafuta ya kuondokea Mwezini kuelekea nyumbani: hakuna hata kimoja chenye kazi juu ya udongo wa Mwezi. Viachwe juu, basi. Chombo cha kutua ambacho kampuni ya Grumman ilikijenga kwa safari za Mwezini za Apollo kilikuwa na tani kama 15, na hata hizo hazikurudi zote, maana nusu ya chini, yenye miguu na injini ya kushukia, iligeuzwa jukwaa la kurukia na kuachwa hukohuko. Kwa hesabu hiyo roketi moja ya Saturn V, yenye urefu wa mita 110, ilitosha kubeba safari nzima. Nova haikujengwa.

Waliompinga Houbolt hawakuwa wajinga. Mwaka 1961 hakukuwa na mtu aliyewahi kukutanisha vyombo viwili hata hapa karibu na Dunia. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipita juu ya Zanzibar, ambako NASA ilikuwa na kituo cha mawasiliano kilichofungwa miaka miwili baadaye, baada ya Mapinduzi. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka Dunia, na safari yake yote ilikuwa mizunguko mitatu. Huo ndio uliokuwa uzoefu wao, na Houbolt anataka vyombo vikutane umbali wa kilomita 384,000, mahali ambapo vikikosana hakuna wa kwenda kuokoa. Von Braun alibadili msimamo tarehe 7 Juni 1962, jambo lililowashangaza hata wasaidizi wake, na NASA ikatangaza uamuzi tarehe 11 Julai. Jerome Wiesner, mshauri wa sayansi wa Kennedy, hakuridhika. Septemba mwaka huohuo alibishana na von Braun huko Huntsville, rais mwenyewe akiwa amesimama hapo.

Tuje kwenye neno. “Rendezvous” ni la Kifaransa, na kiini chake ni amri kwa watu wengi: jitokezeni, fikeni. Kutoka hapo likawa mahali na saa ambayo watu wameagana. Kwa Kiswahili, linalomjia mtu kwanza ni kukutana, lakini kukutana kwetu kunabeba bahati. Tulikutana sokoni, hakuna aliyepanga. Makutano ni njia panda, na Kenya ina zaidi ya mji mmoja wenye jina hilo. Njia panda imetulia, inakungoja hata ukija kesho. Mkutano una mwenyekiti na ajenda. Kufumaniana tuwaachie wanasheria. Miadi, neno lililotufikia kwa Kiarabu, lina vyote vinavyotakiwa: mahali na wakati vilivyopangwa kabla, na mtu wa upande wa pili anayekutegemea. Miadi huwekwa, hutimizwa, huvunjwa. Aliyefika mahali penyewe saa mbili baadaye hajatimiza nusu ya miadi, ameikosa. Hospitali zimelizoesha neno hili masikioni mwetu kiasi kwamba mgonjwa yeyote anajua tarehe ya miadi ni kitu gani.

Katika obiti, kuchelewa ni jambo zito kuliko kwenye kliniki, na hapa mfano wa jahazi unakatika. Jahazi hutia nanga. Chombo kilicho katika obiti hakina pa kutia nanga, kikisimama kinaanguka, kwa sababu kinachokishikilia juu ni mwendo wake tu. Columbia, chombo kikuu cha Apollo 11, kiliuzunguka Mwezi kwenye kimo cha kilomita 110 hivi, kikienda takriban kilomita 1.6 kila sekunde na kumaliza mzunguko kwa karibu saa mbili. Anayetoka chini lazima afike kimo hicho, kwenye mstari huo, kwa mwendo huo, dakika hiyo. Akifika mahali sahihi kwa mwendo usio sahihi atapishana na mwenzake kwa kasi inayoweza kuzidi ya risasi, au atamgonga.

Kuna la kustaajabisha zaidi. Katika obiti, aliye chini huenda mbio kuliko aliye juu. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho kilomita 400 hivi juu yetu, huizunguka Dunia kwa dakika 90. Mwezi, ulio mbali, huchukua siku 27. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya chombo unachokitaka, ukawasha injini ili umkaribie mwenzako, msukumo ule utakupandisha juu, na juu mwendo ni wa polepole, basi utazidi kuachwa. Ili umpate inabidi upunguze mwendo. Ukipunguza utashuka, na huko chini utaenda mbio, utampunguzia umbali ukiwa chini yake, kisha utapanda kwa wakati uliopigiwa hesabu. Juni 1965 James McDivitt, rubani mkuu wa chombo cha Gemini 4, alijaribu kukikaribia kipande cha roketi yake mwenyewe kwa macho na usukani, kama mtu alivyozoea kuendesha ndege. Alichoma mafuta mengi na kipande kikamtoroka, hadi jaribio likaachwa. Aliyekuwa ameyasomea haya ni Buzz Aldrin, ambaye tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha MIT, mwaka 1963, ilihusu jinsi mwanaanga anavyoweza kukiongoza chombo kwenye miadi kwa kukitazama kile anachokifuata. Wenzake walimbandika jina la Daktari wa Rendezvous, na sidhani kuwa lilikuwa la sifa tupu.

Kwa hiyo maneno kama kufukuzia au kukimbilia hayafai hata kidogo hapa. Yanamfundisha msomaji kinyume cha kinachotokea. Ila tunahitaji majina ya washiriki wawili, kwa kuwa kwa kawaida mmoja hutulia katika njia yake na mwingine hufanya kazi yote ya kujirekebisha. Kiswahili kinatupa kitenzi kizuri: kufuata, ambacho kwetu pia ni kwenda kumchukua mtu au kitu. Kuna chombo kinachofuata na chombo kinachofuatwa.

Miadi bado si kuungana. Tarehe 15 Desemba 1965 Gemini 6A ilikikaribia chombo kingine chenye watu, Gemini 7, hadi ikabaki kama sentimita 30 tu baina yao, na havikugusana, kwa sababu havikutengenezwa vya kugusana. Miadi ilitimia kikamilifu. Kuunganika kwa mara ya kwanza kulifanywa tarehe 16 Machi 1966 na Neil Armstrong na David Scott katika Gemini 8, walipojipachika kwenye chombo kisicho na mtu kiitwacho Agena. Haikupita saa moja wakaanza kupinduka ovyo kwa hitilafu ya kijiinjini kimoja, wakajinasua na kulazimika kurudi mapema. Kiingereza kimelitoa jina la tendo hili bandarini, na bandarini kwetu meli hufunga gati. Navutiwa na neno hilo, lakini gati haliendi popote. Kwa chombo kinachofika kwenye kituo kikubwa cha anga, kufunga gati kutaeleweka. Kwa vyombo viwili vya ukubwa mmoja ni bora kusema vimeungana, na nomino iwe muunganiko, kwa kuwa Muungano, kwa Mtanzania, una mwenyewe tangu tarehe 26 Aprili 1964.

Obiti nayo ina wapinzani. Wapo wanaopenda mzingo, neno letu la asili na la kupendeza. Shida ni kwamba somo la hisabati limekwisha liajiri: ukimwuliza mwanafunzi mzingo wa Mwezi ni nini, atakujibu kwa kilomita, kama 10,900, yaani urefu wa kuuzunguka kwenye kiuno chake. Njia ya mzunguko ni fasiri safi lakini ndefu, na ukiiweka ndani ya istilahi yenye maneno mengine unapata sentensi. Obiti imekwisha zoeleka shuleni na redioni. Na herufi kubwa ya Mwezi si pambo. “Miadi ya mwezi”, ikisikika bila kuonekana, ni ya mama anayempeleka mtoto kupimwa uzito kila baada ya siku thelathini. Kwa sababu hiyohiyo nataka “katika obiti ya” ibaki, hata kama mhariri anahesabu maneno.

Uzito wa neno unaonekana tarehe 21 Julai 1969. Armstrong na Aldrin walikuwa wamekaa Mwezini zaidi kidogo ya saa 21. Injini ya kuwapandisha ilikuwa moja, isiyo na akiba. Juu yao, Michael Collins alikuwa peke yake ndani ya Columbia, akiwa na daftari lenye taratibu 18 tofauti za miadi, kwa kuwa iwapo wenzake wangepanda vibaya, yeye ndiye angegeuka kuwa mwenye kufuata, ashuke awachukue. Lakini injini isipowaka kabisa, hapakuwa na ukurasa wa hilo. Collins aliandika baadaye kwamba hofu yake ya siri kwa miezi ilikuwa kuwaacha wenzake na kurudi peke yake. Ikulu ya Marekani nayo ilikuwa na hotuba tayari, iliyoandikwa na William Safire, ambayo Rais Nixon angeisoma iwapo miadi ingevunjika. Haikusomwa. Saa tatu na dakika arobaini hivi baada ya kuruka, vyombo viliungana. Watu 12 walikanyaga Mwezi hadi Desemba 1972, na wote 12 walirudi kwa njia hiyo.

Umoja wa Kisovieti ulichagua njia ileile, kwa siri na kwa ubahili zaidi. Wasafiri wangekuwa wawili tu, mmoja abaki juu katika chombo cha LOK na mmoja ateremke peke yake katika LK. Alexei Leonov alikuwa miongoni mwa walioandaliwa. Hapakuwa na njia ya ndani ya kupitia. Mwanaanga angetoka nje na vazi lake, atambae ubavuni kutoka chombo kimoja hadi kingine, na baada ya kurudi kutoka chini atambae tena na mawe yake. Chombo cha LK kilijaribiwa karibu na Dunia bila mtu na kikafanya vizuri. Kilichoshindwa ni roketi ya N1, iliyorushwa mara nne kati ya 1969 na 1972 na kuharibika zote nne. (Hapa Kiswahili kimeepuka ugomvi wa wengine: mwanaanga ni mwanaanga, awe wa Moscow, Houston au Beijing, wakati Kiingereza kina jina kwa kila bendera.)

China imetangaza kwamba itatua na watu kabla ya mwaka 2030, na mpango wake unampendeza sana mtu wa istilahi, kwa kuwa miadi iko mara mbili. Apollo ilibeba vyombo vyote viwili juu ya roketi moja. China itatumia roketi mbili za Long March 10 kutoka kisiwa cha Hainan, kila moja ikiwa na uwezo wa kupeleka Mwezini tani 27 hivi. Moja itabeba chombo cha kutua, Lanyue, jina lenye maana ya kuukumbatia Mwezi. Nyingine itabeba wanaanga ndani ya Mengzhou, chombo cha ndoto. Vitakutana katika obiti ya Mwezi, wawili wahamie Lanyue, washuke, wapande, wakutane tena na Mengzhou. Miadi ya kwanza ikivunjika, watu wamepoteza safari lakini wako ndani ya chombo kinachoweza kuwarudisha nyumbani. Ya pili haina msamaha huo. Agosti 2025 Lanyue ilijaribiwa mkoani Hebei ikiwa imening'inizwa ili uzito wake ufanane na wa Mwezini. Na Wachina hawaanzi na ubao mtupu. Desemba 2020 Chang'e 5, isiyo na mtu, ilichota udongo na mawe, ikaruka, ikaungana na mwenzake katika obiti ya Mwezi bila mkono wa rubani, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanywa na mashine peke yake. Ilileta gramu 1,731. Mwaka 2024 Chang'e 6 ikarudia hayo kutoka upande wa Mwezi tusiouona.

Mpango wa Marekani wa Artemis, ambao tarehe zake zimesogezwa mara kadhaa, una tatizo jingine. Orion, chombo cha wanaanga, ni kizito, na mafuta ya sehemu yake ya huduma hayatoshi kuiingiza katika obiti ya chini ya Mwezi na kuitoa tena. Kwa hiyo mipango ilijengwa juu ya obiti ndefu sana, inayokaribia ncha moja ya Mwezi kisha kwenda mbali makumi ya maelfu ya kilomita, na mzunguko wake mmoja ni siku sita na nusu. Linganisha na saa mbili za Collins. Walio chini wakipatwa na dharura, Orion huenda iko mbali na haitarudi karibu leo wala kesho. Chombo cha kutua cha kampuni ya SpaceX, iliyopewa kazi hiyo Aprili 2021, nacho kinatakiwa kwanza kijazwe mafuta karibu na Dunia na vyombo vingine vinavyokifuata kimoja baada ya kingine. Yaani njia ya von Braun na njia ya Houbolt, zilizokuwa mahasimu mwaka 1962, zimepangwa ndani ya safari moja. Binafsi naona hapo kuna miadi mingi mno kwa mtu mwenye haraka, ingawa chombo kinachoshuka ni kikubwa mara nyingi kuliko cha Grumman, na wanaokitaka wanafikiria makazi, si matembezi.

India imejiwekea mwaka 2040 wa kufikisha watu wake Mwezini. Kabla ya kuzungumzia watu, imeanza na neno letu. Tarehe 16 Januari 2025, baada ya majaribio kuahirishwa zaidi ya mara moja, setilaiti zake mbili ndogo, za kilo 220 hivi kila moja, ziliungana karibu na Dunia, na India ikawa nchi ya nne kulifanya hilo baada ya Marekani, Urusi na China. Safari yake ijayo ya kuchota udongo wa Mwezi, Chandrayaan-4, inategemea ujuzi huohuo.

Wapo watakaotaka kifupisho, kama LOR. Herufi kubwa za istilahi hii, ukiacha viunganishi, ni MOM, na hizo India ilikwisha zitumia kwa chombo kilichofika Mirihi Septemba 2014. Tuandike kwa urefu.